Zipu ya Steponas

Simama hapa kwenye mwanga, Ugnius, nikukague.
Si soksi hizo. Nyeusi, tena za sufu:
nyuki akiziona anaona dubu,
na ukoo wake una kesi na dubu tangu enzi na enzi.
Vaa hizi nyeupe za babu yako.

Ovaroli ni kubwa, najua. Iache iwe kubwa.
Nguo ya kubana ni ngozi ya pili tu,
mwiba huipita kama sindano kwenye kitani.
Ile hewa kati yako na kitambaa ndiyo ngao.

Suruali ndani ya buti, lastiki juu yake.
Nyuki hupenda kupanda. Ukimwachia uchochoro kifundoni
atakuuma mahali ambapo utaona haya kumwonyesha bibi yako.

Umejipaka manukato? Usinidanganye.
Kanawe. Nitasubiri.
Miti ya liepa imechanua, leo wana kazi, hawatatujali sana.

Moshi tunaujaribu kwanza kwenye kiganja:
ukikuunguza wewe, utawaunguza wao.
Na ukichomwa, kwangua mwiba kwa ukucha, usiubane,
kisha fukiza moshi palepale.
Utasikia harufu ya ndizi mbivu.
Hiyo si ndizi. Ni mbiu ya mgambo.

Sasa zipu.
Ipandishe. Bado. Bado.
Hapo palipobaki, upana wa vidole viwili chini ya kidevu,
ndipo babu yako alipopaacha wazi miaka thelathini.
Wananijua, alisema.
Nyuki wa kiangazi huishi wiki sita, mjukuu wangu.
Waliomjua walikwisha kufa,
hawa walikuwa vitukuu vya vitukuu
na hakuna aliyewaachia wosia.

Aliingia mmoja.
Mtu aliyekuwa akiumwa mara kumi na kucheka
akaanza kujikuna viganja, halafu midomo ikawa buluu.
Kilomita kumi na tisa hadi Varena.
Hesabu nguzo za umeme, nilimwambia, nisikie sauti yako.
Alifika arobaini na moja,
akanyamaza.

Ndiyo maana sindano hii inakaa mfuko wangu wa kushoto,
si garini, si jikoni kwenye droo ya vijiko.
Ikibidi: pajani, upande wa nje, juu ya suruali hiyohiyo.
Usingoje ruhusa yangu. Huenda nisiweze kuitoa.

Haya, mpungie mkono.
Pale dirishani, mwenye kikombe. Daktari kamkataza hata kizingiti,
kwa hiyo kioo ndicho wavu wake wa uso siku hizi,
na anatuhesabia mizinga kwa midomo, yote kumi na minne.

Anagonga. Mara mbili.
Nini tena, mzee? Mtoto nimemfunga mpaka kooni!
Anatikisa kichwa. Ananyoosha kidole,
si kwako.

Lo.
Yangu.