Mteja wa Kutumwa

Siku ya kwanza niliitazama saa mara nyingi mno.
Mlinzi wa duka, pale mkabala na stendi ya Malindi,
akauliza, "Mama, unangoja mtu?"
Nikasema namngoja shemeji.
Sina shemeji.
Uongo wa kwanza wa kazi, na kikapu sijakishika.

Ofisi ya Mombasa ilisema kwa simu:
nunua kisichozidi mia tatu, risiti usiitupe,
hesabu watu kwenye foleni, hesabu sekunde,
soma jina kifuani, usiliandike mbele yake.
Ukiulizwa, wewe ni mteja.
Kwani mimi si mteja? Sukari nanunua, naila.

Nikajifunza kuandika chooni,
mgongo mlangoni, simu karibu na pua:
*Sakafu safi. Feni moja haizunguki.
Maziwa ya kuharibika kesho yamewekwa mbele.*
Nikajifunza kwamba kopo la maharagwe
husomeka dakika nne bila kuelewa neno.
Nikajifunza kuuliza upuuzi kwa uso mkavu:
"Sabuni hii ya maji, inatumika na maji?"
Kijana wa rafu, Changawa, hakucheka.
Alifungua kizibo ninuse.
Nilimpa alama kumi,
na moyoni mbili zaidi, za aibu yangu.

Siri ya mtungi aijuaye kata, nikajiambia,
nikajiona kata.
Wiki ya tatu muuza mabuyu wa mlangoni
akanifungia ya ishirini, akainama:
"Leo Nyevu yuko kaunta ya pili. Jino linamuuma.
Mwandikie vizuri."

Kumbe mtungi ulishaijua kata.

Nyevu. Shavu limevimba, mtandio umevutwa hadi kidevuni.
Swali la kumi na nne: Je, alitabasamu?
Aliona yai moja kati ya sita limepasuka
kabla yangu mimi niliyelipwa kuona.
Akainuka, akaenda kulibadilisha mwenyewe,
watu saba nyuma yangu wakiguna.
Swali la tisa: Je, foleni ilikwama?

Usiku nilikaa na fomu ile.
Ndiyo. Hapana. Visanduku viwili,
kama nyumba ya vyumba viwili isiyo na ukumbi
wa kumkaribisha mtu mzima na maumivu yake.
Chini palikuwa na nafasi ya maoni.
Nikaandika yai. Nikaandika jino.
Simu ikakata maneno yangu hapa:
*hakutabasamu kwa sab*

Nikatuma hivyo hivyo. Nilikuwa na usingizi,
na kodi ilikuwa tarehe tano.

Mia sita ziliingia asubuhi, na bei ya mayai.

Kaunta ya pili sasa yupo msichana mwingine,
meno yote nje, karibu sana, asante, karibu tena.
Huenda ni zamu. Huenda ni jino.
Mlinzi ningeweza kumuuliza,
ila yeye bado ananiuliza habari za shemeji.

Mkobani nina karafuu za kumi, dawa ya jino,
tangu Jumatatu, ndani ya karatasi.
Nilinunua kwa pesa zangu.
Risiti sikuomba.