Chupa Namba 412

Mimi kazi yangu ni kuosha chupa.
Xinia ndiye mkata majani: hulitosa jani kwenye klorini,
hulisuuza mara tatu, hupitisha kisu kwenye moto wa spiriti,
kisha vipande, kila kimoja sawa na ukucha wa mtoto,
huvilaza juu ya uji mgumu wenye sukari na homoni,
huzima taa, hufunga mlango.

Nje ni Turrialba, na mvua haijui Jumapili.

Nilimuuliza: jani likishakatwa, linangoja nini?
Akasema, halingoji. Linasahau.
Seli iliyozoea kula jua mchana kutwa,
iliyofunzwa ujani ikafuzu,
sasa inaambiwa: hukuwa kitu. Anza.
Baadhi hufa. Baadhi hukaidi, hubaki majani mpaka kuoza.
Nyingine huvimba tu, donge jeupe lisilo kichwa wala miguu,
si mzizi, si shina,
na humo ndimo kilimo kila kitu.

Sikuelewa. Nikaosha chupa.

Mibuni mia tisa ya don Evelio Picado ililiwa na kutu,
ukabaki mmoja, nyuma ya choo, unacheka.
Tawi lake alituletea ndani ya gazeti, kama samaki.

Mwezi wa nne gizani, madonge yakageuka kahawia.
Daktari Umaña akapita na karatasi yake:
"412 imekufa. Mwaga."
Subira huvuta heri, wanasema; yangu ilivuta karipio kwanza,
maana sikumwaga.
Sitasingizia hekima. Sinki lilikuwa limejaa.
Niliisukuma nyuma ya rafu, nikaenda kupanda basi.

Mwezi wa saba, juu ya uozo ule ule,
chenga za manjano, kama makombo ya mkate wa mahindi,
na juu ya makombo, chini ya hadubini ya Xinia,
vitone.
Kimoja mviringo. Kingine kimebonyea utosini,
kina umbo la moyo.
"Ndivyo kinavyoitwa, moyo," akasema, "usianze kulia."
Kingine kimerefuka, tayari kinajua juu ni wapi na chini ni wapi,
na hakuna aliyekiambia.

Miche elfu mbili na ushei ilipanda mlima kwa don Evelio,
mapacha wa mti mmoja wa nyuma ya choo.
Alisimama katikati yao, kofia mkononi,
kama mtu aliyealikwa harusini asijue amsalimu nani.

Ila mmoja hakupanda.
Majani yake membamba kama ulimi wa mjusi.
Jani lile lile, uji ule ule, giza lile lile.
Daktari akasema: huyo amekosea kukumbuka, mng'oe.

Yupo kwenye kopo la rangi, mlangoni kwangu.
Bado hajazaa.
Sijamuuliza anangoja nini.