Mchagua Jembe

Mchagua jembe si mkulima, husema watu.
Na waseme. Mimi leo ninachagua,
nimechuchumaa mbele ya turubai la Sosko
sokoni Kutaisi, mvua ndiyo kwanza imekatika,
mikono yangu inanuka nta.

Springi mpya ninazo kumi na sita:
nane kubwa, na nane ndogo za kukaa tumboni mwa zile kubwa.
Za zamani zimechoka.
Nikikanyaga mafuta, Niva inabwata, inakohoa, inaukataa mlima,
na nyuma nimepakia mizinga ya nyuki
inayotakiwa kule juu kabla maua hayajapukutika.

Mwanangu Ucha kapiga simu:
"Mama, peleka gereji. Lari mia nne, yameisha."
Lari mia nne ni mitungi mingapi ya asali?
Hakuuliza. Nami sikumwambia.

Sosko ananipa kibanio chenye umbo la kwato,
kipya, kinang'aa, lari arobaini.
Kizuri. Ila hiki kinataka hedi ing'olewe,
iwekwe mezani kama kichwa cha kondoo siku ya karamu,
kisha gasketi mpya, kisha boliti zikazwe kwa spana ya kipimo
ambayo sina, na sitaiazima.
Namrudishia.

Anachomoa cha pili: wenzo mrefu, mweusi,
mhunzi kaufua kutoka springi ya lori,
ndoano huku, jicho katikati.
Ndoano inang'ata boliti, jicho linakalia springi,
nawe unaegemea kwa uzito wako wote.
Uzito ninao. Lari kumi na tano.
"Na sumaku je? Lari mbili tu."
Nikacheka. Mimi si kipofu.

Nyumbani, kamshafti nimeshaitoa, swali ni hili:
springi ikibanwa, nani ataizuia valvu
isitumbukie kwenye silinda kama jiwe kisimani?
Jirani yangu Murtaz anakuja na kompresa,
mpira wa hewa begani kama nyoka aliyekamatwa.
"Hewa, Lamara! Jaza hewa, valvu itasimama yenyewe!"
Hewa ya Murtaz inategemea umeme,
na umeme wa kijiji chetu unategemea mawingu.
Nammiminia divai.
Naanua nguo, naikata kamba ya kuanikia.

Naipitisha kwenye tundu la plagi, shibiri kwa shibiri,
mkia nauacha nje,
nazungusha krenki taratibu hadi pistoni
inaikandamiza kamba, na kamba inazibeba valvu.
Matambara nayasokomeza kwenye kila tundu la mafuta.
Naegemea. Springi inashuka, inanung'unika,
na vikabari viwili, vidogo kuliko punje ya mahindi,
vinalegea shingoni mwa valvu.

Kimoja nakidaka.
Kingine,
ting!

Mchana ukaishia hapo.
Nimepiga magoti nyasini, Murtaz naye, divai imeshamkolea,
tunapapasa kama watu wanaosali kwa dini wasiyoijua.
Mwishowe naingia ndani, naipasua spika ya redio mbovu,
nang'oa sumaku yake, naifunga kwenye kamba iliyobaki,
naikokota uani kama mbwa asiye na roho.

Inaleta msumari.
Inaleta kipini cha nywele
cha enzi zile nywele zangu zilipokuwa nyeusi.
Inaleta kikabari.

Nakipaka grisi kinate, nakirudisha mahali pake kwa ncha ya bisibisi,
naulegeza wenzo pole, kama ninayemlaza mtoto mwenye usingizi mwepesi.
Kimeshika.
Valvu moja. Zimebaki saba,
na umeme umekatika.
Murtaz anawasha tochi, hasemi neno.

Gizani, ubavuni mwa nyumba, mizinga inavuma.
Alhamisi nitashuka Kutaisi kununua sumaku.
Sosko asiniulize kitu.