Bangili ya Pikipiki

Kutoka Adam kwenda Haima
barabara haipindi hata kwa adabu.
Mkono wa mafuta unaushika vilevile, saa nzima,
vidole vinakufa kimoja kimoja,
cha mwisho ndicho kinachotangulia.

Basi jana, sakafuni jikoni,
nikakata pete ya bomba la plastiki,
upana wa dole gumba, mpasuo upande mmoja.
Ndani nikagundisha tyubu kuukuu
ya baiskeli ya Muhanna. Ana ndevu sasa, haidai.
Zuwena akauliza: bangili ya nani hiyo?

Ikabana mno, nikaipiga msasa.
Ikalegea, nikaongeza mpira.
Nataka ishike kama mtu akushikaye bega sokoni:
ukigeuka, aachie.

Leo, kilomita ya themanini, nimeinua kiganja.
Pikipiki ikaenda.
Damu ikarudi na sindano zake,
nikakunja ngumi, nikakunjua,
nikacheka peke yangu ndani ya helmeti.

Halafu ngamia.
Mmoja, katikati ya lami,
kama mwenye hati ya shamba.

Nikapindua mkono. Pete ikaachia.
Nimesimama karibu kiasi cha kuhesabu kope zake,
na mkono unatetemeka wote,
hata kile kidole cha mwisho.