Alama ya Vema

Shuleni Bahi, mwalimu akitutilia vema
tulikimbia nayo nyumbani, wino mwekundu haujakauka.
Mguu mfupi unashuka, mrefu unapanda.
Mtoto akitaka kuchora ndege wa mbali
huchora hivyo hivyo.

"Sahihi hii ni yako?" aliniuliza Bi. Ndekirwa,
mchunguzi wa ajali, katika ukumbi wa Dodoma
wenye feni tatu, moja ndiyo inazunguka.
Nikasema ni yangu.
Akageuza karatasi, akaweka kidole mstari wa kumi na saba:
Kutua kwa kudunda, na kupaa upya.
Vema.

Niseme ilivyokuwa.
Mashine ya kuigizia urubani iko ng'ambo, hukodishwa kwa saa.
Kampuni iliahidi nne. Ya nne ikafutwa,
mhasibu alisema dola imepanda.
Basi tukaenda sokoni, mimi nikachagua mashati,
na Nyemo Chisanza, rubani msaidizi mtarajiwa,
akanifuata kati ya viatu na masufuria:
"Mwalimu, na ule mdundo?"
Nikamwambia, utaukuta kazini.

Aliukuta.

Mwezi wa nane, saa nane na dakika arobaini mchana,
upepo wa Dodoma ule unaobeba vumbi kama mzigo wa mtu mwingine,
ukichoka unalitupa popote.
Ndege ilikuja juu mno, kasi mno,
ikazipita alama za kutulia, ikagusa lami kwa gurudumu la mbele.
Ikashuka kidogo, ikapanda sana.
Ukiuchora mwendo ule kwenye karatasi
utapata vema.

Kitabu kinasema: usiibembeleze.
Ongeza nguvu, ondoka, zunguka, rudi na akili mpya.
Kinasa sauti kinasema:
"Ninayo."
"Niachie."
"Nani anayo?"
Kisha pumzi tu.

Watu wa pwani wana msemo wao wa manahodha wengi.
Huku hatuna bahari, na wao hawakuwa wengi.
Walikuwa wawili: Kapteni Rwegoshora anavuta,
Nyemo anasukuma, maana mkono usiofunzwa
ukiona pua imeinuka, huishusha.
Mdundo wa pili. Wa tatu ukakata mguu wa mbele,
ndege ikalala kifudifudi, ikaburuza tumbo hadi kwenye uzio.
Abiria kumi na wanane walitoka wote,
mmoja angali amekumbatia bahasha ya kupeleka wizarani, Mtumba,
anauliza saa hizi watakuwa wamefunga.
Kapteni alivunjika nyonga.
Upande wa kulia, mbele, haikubaki nafasi ya goti.

Gazeti liliandika: kosa la rubani.
Ni kweli.
Ni la rubani kama moshi ulivyo wa paa.

Sikuulizwa habari za mashati. Nilizisema mwenyewe,
na karani akauliza kama aandike.
Bi. Ndekirwa akamwambia aandike, hata rangi.
Moja jeupe, mawili ya bluu.
Mhasibu alikuwa safu ya nyuma. Alitazama feni.

Mwishoni akatoa daftari dogo, lina harufu ya mafuta ya ndege,
limetoka kwenye mkoba wa marehemu.
Nyemo alikuwa amenakili orodha yangu yote kwa mkono,
mwandiko umesimama wima kama mtu anayesubiri kuitwa.
Vema, vema, vema,
hadi wa kumi na saba.
Hapo, kwa penseli: bado.

Mama yake yuko Kigwe, mwendo mfupi kutoka kwetu.
Sikwenda kuzika. Nilisema gari limeharibika.
Jana amenitumia karatasi kwa mkono wa mpwa wake.
Hajauliza habari ya upepo wala ya kapteni.
Anaomba nimwandikie, kwa kuwa mimi ndiye niliyemfundisha,
kama mwanawe alikuwa anashika masomo.

Tangu alfajiri nimeshika kalamu.