Kilo za Daftarini

Tangu petroli ipande bei, Mundhiri halali mchana.
Akitoka msikitini Ijumaa huvua kanzu, hubaki na kikoi,
akajilaza chali chini ya gari, ukutani penye kivuli,
miguu nje, kama mtu aliyemezwa nusu.

"Upepo ni mwizi," anasema toka huko chini.
"Wa nje hutuibia, wa matairi hututunza."
Basi matairi akayajaza hadi yakalia kama ngoma,
na sasa kila tuta la Barka hunisalimia mgongoni.

Masinia yangu mawili ya biriani,
yale ya harusi ya Raya,
yamekuwa vifuniko vya magurudumu ya nyuma.
Madumu ya mafuta ya kupikia kayapasua, kayanyoosha kwa pasi
(pasi yangu, nani kaulizwa?)
kayashona kwa waya tumboni mwa gari
ili hewa ipite laini, isigote vyuma.
Mdomo wa mbele kauziba kwa tepu na kadibodi ya tende.

Watoto wa jirani wakaliita kobe.

Ikaja zamu ya uzito.
Tairi la akiba, nje. Jeki, nje.
Kiti cha nyuma kilichobeba watoto watatu na matapishi yao
kiko barazani; paka kazalia juu yake.
"Nani atakaa huko?" aliuliza. "Wawili Doha, mmoja Dubai."
Sikumjibu. Nilikuwa natoa makombo ya biskuti mshononi,
makavu kama changarawe, ya mwaka sijui gani.

Alhamisi tukaenda Ibra kumtazama shangazi yake.
Mwezi wa saba, na kiyoyozi marufuku.
Nimekumbatia chupa ya maji baridi kama mtoto mchanga.
Kufika mlima wa Fanja, sindano ya joto ikapanda, ikagusa wekundu.
Akasimama, akaing'oa kadibodi kwa hasira, vipande vipande,
na lori la kokoto likatupita likitupigia honi ya harusi.

Nikingoja injini ipoe, nikafungua daftari lake.
Kiti: kumi na tisa. Tairi: kumi na nne.
Masinia: ongeza mbili.
Chini kabisa, kwa penseli,
*Zuwena: sabini na nne.*
Kaukata mstari. Kauandika tena.
Pembeni yake neno moja: *lazima.*

Nikaichukua penseli nikasahihisha: sabini na moja.
Kilo tatu si mchezo, mlimani.