Kufuli la Ndani

Tuko watatu tu katika shughuli hii:
mimi, mama wa watu, na sauti ya simu.
Godauni la Shimanzi. Chai ilihamishwa zamani
lakini harufu yake imekataa kuhama;
ukivuta pumzi, unavuta majani.

Siku ya kwanza, macho yamefungwa kitambaa,
alisema, "Ndoo."
Nikamletea ndoo.
Akaisikia ikigonga sakafu, akacheka,
haki ya Mungu alicheka, mikono iko kwenye kamba ya magunia.
"Si hiyo. Nakwita wewe. Wewe si wa hapa."
Mimi ni wa Mutomo. Sikumwambia.
Alikwisha jua.

Sauti hupiga saa nne usiku.
Hukohoa kwanza, mara mbili, kavu,
kisha: Yu hai? Amekula? Usimtajie jina.
Milioni nane, yasema, ndugu yake anauza kiwanja,
subiri.
Nasubiri. Nahesabu treni za mizigo.
Nahesabu na pesa ambazo sijapewa.

Jana asubuhi muuza mahamri wa kona
alinitazama mikono.
"Wewe ulikuwa wa matatu na mbaazi za bakuli moja.
Siku hizi sita. Umeoa?"
Nikasema ndiyo.
"Mlete tumwone," na upawa wake
ukakaa hewani kuliko mbaazi zilivyohitaji.
Nilirudi kwa njia ya reli, si ile ya kila siku.
Jasho lilizijua zote mbili.

Usiku huu simu imelia, nami kwa uvivu,
au kwa kitu ambacho si uvivu,
sikutoka nje kuipokea.
Kikohozi kikaingia chumbani. Mara mbili. Kavu.
Bi Rukiya akaacha kutafuna.

Simu ilipokatika alinyamaza mpaka
lori likapita, na jingine.
"Hukohoa hivyo kila akitaka kunena?"
"Kila mara."
"Ni pumu. Utotoni nalimsugua kifua mimi,
mpaka usingizi umchukue.
Huyo ni Faraj. Tumenyonya titi moja."

Ikanijia polepole, kama unavyojua gizani
kwamba ngazi imekwisha: mguu unakosa.
Anayedai ni yeye. Anayeuza kiwanja ni yeye.
Hukata simu, akarudi sebuleni
kufutwa machozi na jamaa.
Nilidhani yuko wa nne huko nje, analia, anatafuta.
Wa nne hayupo.
Na kama hakuna wa kulipa,
mlinzi ni nani ila shahidi anayelishwa?

Ningefikiri, ningekimbia peke yangu.
Nimekata kamba. Nimefungua kitambaa.
Amenitazama uso, kwa mara ya kwanza:
"Kumbe mtoto."

Gari limezima nje, taa zikiwa zimezimwa kabla.
Kufuli liko upande wetu, ufunguo kiganjani mwangu,
na sijui tena linamfungia nani.
Hatua. Changarawe. Hatua.
Mombasa mtu hupiga hodi hata akija kukudai.
Huyu hapigi.

Anakohoa.

Bi Rukiya amesimama nyuma ya mlango,
ndoo ameiinua kwa mikono miwili yenye alama za kamba,
ananiambia kwa midomo tu, bila sauti:
"Ndoo."

Safari hii nimeelewa.
Naenda.